Kibanio cha Nyusi

Dunia nzima, watu wenye akili timamu wakiona kitanzi hukimbia. Katika maabara ya filamu nyembamba mambo yalikuwa kinyume: watu waliosoma hadi miwani ikawazoea walikaa mbele ya kompyuta wakiombea kitanzi kitokee, na kikitokea walikumbatiana.

Kitanzi hicho kilichorwa na mashine waliyoibatiza Mtikisa. Ukiipa kigae kilichopakwa filamu, Mtikisa hukiweka katikati ya sumaku mbili nene, hukitetemesha kama mgonjwa wa homa, kisha huchora mstari kwenye kioo cha kompyuta. Filamu ikiwa imeshika usumaku, mstari huenda kwa njia moja na kurudi kwa njia nyingine, ukaacha tumbo wazi katikati: hicho ndicho kitanzi. Filamu isiposhika kitu, mstari hulala umenyooka, hauna habari na mtu. Huo waliuita maiti.

Wanafunzi wa uzamili walikuwa wawili. Mmoja alitoa vitanzi na mwenzake alitoa maiti.

Mtoa vitanzi alikuwa msichana aliyeitwa Mkono. Jina alipewa na fundi wa leza, mzee mmoja mwenye tumbo la heshima na maneno yasiyokuwa na heshima sana. "Huyu binti ana mkono," alitangaza siku kitanzi cha kwanza kilipojitokeza. "Wako watu wakipanda mche unashika, na wako wengine wakiuangalia tu unanyauka." Alipofika kwenye hao wengine alimtazama mtoa maiti, kijana mrefu mpole aliyeitwa Sabuni kwa sababu alinawa mikono kabla ya kazi, baada ya kazi, na mara nyingine katikati ya sentensi.

Kazi yenyewe, kwa maelezo ya mtu asiyetaka kukuchosha, ilikuwa hivi. Unatia kidonge cha aloi, yaani metali mbili zilizoyeyushwa pamoja, samari na kobalti, ndani ya chungu kikubwa cha chuma cha pua, unafunga, unanyonya hewa yote mpaka ndani kunabaki ombwe. Wanafunzi waliwahi kusema "utupu", Profesa akawakata kauli. "Utupu ni wa bafuni," alisema. "Humu mwangu kuna ombwe." Halafu leza inafyatua mipigo, mipigo mifupi mno kiasi kwamba kupepesa jicho ni karne nzima ukilinganisha. Kila mpigo unakwangua chembe za kidonge na kuzirusha juu kama ulimi wa moto wa zambarau. Ulimi huo waliuita mwali, na kila ulipowaka fundi hakukosa kupaza sauti: "Mwali katoka ndani! Wenye macho yao wavae miwani!" Chembe zinatua kwenye kigae kilicho mbele yake, kigae cha ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, zinatanda tabaka juu ya tabaka, hadi inapatikana filamu ambayo ukiuweka unywele mmoja kando yake, unywele ni gogo. Mwisho wanaivika kofia ya metali ngumu iitwayo tantali, maana samari ni metali adimu yenye tabia ya kukata roho ikikutana na hewa.

Aloi yao, iliyojazwa samari kupita kawaida, ilijulikana kuwa hushika usumaku kwenye baridi kali tu. Ukiirudisha kwenye joto la chumba husahau kila kitu, kama mwanafunzi aliyetoka mtihanini. Filamu za Mkono hazikusahau. Zilitoa vitanzi chumbani humo humo, watu wakiwa wamevaa mashati ya mikono mifupi. Profesa alikwisha kuwaarifu wenzake wa taasisi nyingine, na hao walikuwa wakingoja watumiwe kipande wajionee.

Kikwazo kilikuwa kimoja: Sabuni alitumia kidonge kilekile, leza ileile, chungu kilekile, na filamu zake zote zilikuwa maiti.

"Jambo lisiloweza kurudiwa na mtu wa pili ni porojo," Profesa alisema asubuhi moja, amesimama katikati ya maabara na kikombe chake cha chai. Alikuwa mama mfupi, aliyenyooka kama rula. "Na mimi sitapeleka porojo kwa watu. Kwa hiyo, mwanangu Sabuni, Ijumaa utatengeneza filamu mimi nikiwa nimesimama hapa. Ikiwa hai, tutasahau yote. Ikiwa maiti, nitakuombea nafasi kwa wenzetu wa hesabu za kompyuta. Kule hakuna cha kushika kwa mkono."

"Kule kuna kibodi, Mama," alisema Sabuni kwa sauti ndogo.

"Basi utaziosha."

Fundi alicheka hadi akashika meza. Mkono naye alicheka, kwa kuwa ilichekesha. Kisha akamwona Sabuni anakwenda kwenye sinki kunawa mikono iliyokwisha kuwa safi, naye akaacha kucheka.

Maana Sabuni hakuwa mtu baki. Ndiye aliyemfundisha kusikiliza pampu, kujua kwa sikio inayokoroma kwa afya na inayokoroma kwa ugonjwa. Walikula pamoja kwenye benchi la nje, naye alimpa vipande vya pembeni vya mkate wake kwa madai kwamba kwake havina faida. Na aliacha kazi aliyokuwa nayo akaja hapa, akamwambia mama yake kwamba anakwenda kutengeneza sumaku ambazo hazijawahi kuwepo. Mama alilielewa neno la sumaku tu, akaridhika.

Jumatano Profesa alimwagiza Mkono kazi ndogo. Wenzao wa taasisi ile walitaka kuona pia mchoro wa kigae kitupu, kisichopakwa chochote, kilichopita njia ileile. Ni jambo la kawaida. Kigae kitupu hakina usumaku, hutoa maiti, na maiti hiyo ndiyo ushahidi kwamba kitanzi kimetoka kwenye filamu. Siku zote vigae vitupu viliandaliwa na Sabuni, kwa kuwa kuna kuosha kwingi na kuosha ndiyo starehe yake. Safari hii Sabuni alikuwa ameinamia chungu akijitayarishia Ijumaa, hivyo Mkono akachukua kigae mwenyewe, akakiosha, akakikausha, akakipachika ndani ya Mtikisa, akaenda kunywa maji.

Aliporudi, kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na kitanzi.

Alikitazama kwa muda. Kilikuwa na tumbo dogo, lililoinama kidogo upande wa kushoto, na tumbo hilo alilijua kama mtu anavyojua pua ya ndugu yake. Ni lilelile la filamu zake zote. Ila hapa hapakuwa na filamu. Hapakuwa na samari wala kobalti, hapakuwa na chochote ila kigae kitupu.

Ndipo alipouangalia mkono wake, na ndani ya mkono wake kibanio.

Hapa inabidi tukitambulishe kibanio kwa heshima zake. Maabara ilikuwa na vibanio vya plastiki vya kushikia vigae. Cha Mkono kilivunjika zamani, na kupata kingine kulihitaji kumwendea bibi wa stoo, ambaye ukimwomba msumari anataka kwanza kujua ule wa zamani ulikufa kifo gani na nani aliuzika. Mkono akaona asijitie kwenye kesi. Mkobani alikuwa na kibanio cha dada yake cha kung'olea nyusi, cha chuma, chenye ncha zilizolika kwa kazi na kutu kidogo shingoni. Kilishika vigae vizuri kuliko kile cha plastiki. Akakizoea. Akasahau hata kwamba kimetoka kwenye nyusi za watu.

Sasa alikumbuka. Kila alipobana kigae pembeni, ncha zile zilizolika ziliacha unga wa chuma, unga ambao jicho halioni. Mtikisa haitumii macho.

Alifungua droo ya Sabuni, akaazima kibanio cha plastiki, akachukua kigae kipya kitupu. Maiti. Akakitoa, akakibana mara moja tu kwa kibanio cha dada, kwa namna mtu anavyong'oa unyusi mmoja mkaidi, akakirudisha. Kitanzi.

Basi ndiyo huo mkono wenye heri. Filamu za Sabuni hazikuwa na kosa lolote. Zilikuwa zikisema kweli kila siku, na kila siku zikaitwa maiti. Mkono alifuta mchoro kwenye kompyuta, ingawa hakuna aliyekuwa akiutazama, akaketi huku masikio yakimwaka.

"Vipi, shangazi?" Sabuni aliita kutoka kwenye chungu. Alimwita shangazi kwa utani tu, eti kwa vile anapenda kuamuru. "Kigae kitupu kimetulia?"

"Kimetulia," alisema Mkono.

Jioni mapema alikwenda kwa dada yake. Dada alikuwa mpambaji wa maharusi na chumba cha mbele cha nyumba yake kilijaa vioo, brashi na viti vya kuzunguka. Kulikuwa na bibi harusi mtarajiwa kwenye kiti, nusu ya uso imepambwa na nusu ikingoja zamu yake.

"Ndiye huyu!" dada alipiga kelele kabla Mkono hajavua viatu. "Mdogo wangu niliyekusimulia. Anatengeneza sumaku kwa miale."

"Sumaku za kubandika kwenye friji?" aliuliza bibi harusi kwa upande wa mdomo uliokuwa huru.

"Friji! Msikie huyu. Za kisayansi! Watu wa nchi za mbali wanazingojea. Wanamwita Mkono. Profesa mzima anasema mtoto ana mkono."

"Dada, nina tatizo," alisema Mkono.

"La mwanamume?"

"La chuma."

"Basi hilo ni tatizo dogo," dada alisema, akageuza kidevu cha bibi harusi kuelekea taa. "Chuma hakikuachi mlangoni umevaa shela. Samahani, mwenzangu, sikukusudia wewe. Hebu niambie, wewe mtoto, kibanio changu kilikwenda wapi? Kile kizuri. Nyusi za wateja naziwinda kwa kucha kama kuku."

Mkono alihisi kibanio kinamchoma mkobani kama kaa la moto. Angeweza kukitoa na kusema hapohapo. Aliwaona dada na mteja wake wote wawili ndani ya kioo, wakimwangalia kwa fahari kama vile sumaku zile wamezizaa wao.

"Sijakiona," alisema.

Alhamisi alipiga moyo konde, akaenda kubisha hodi ofisini kwa Profesa. Alikuwa amejipanga njia nzima. Angeanza na samahani, angefuatisha kigae kitupu, nyusi angezitaja mwisho kabisa na kwa haraka.

Profesa alikuwa kwenye simu. Alimwonyesha kiti kwa kidevu. "Ndiyo," alikuwa akisema, "ndiyo, kwenye joto la chumba. Nami nilikataa kuamini. Nimeifanya kazi hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, ndugu yangu, na nilishajua nitastaafu bila kuona kitu kipya hata kimoja. Basi nimekiona." Alicheka. Mkono hakuwahi kumsikia akicheka hivyo. Ilikuwa sauti ya msichana. Profesa alipokata simu, macho yake yalikuwa bado yanang'aa.

"Umekuja kuniambia nini, mwanangu?"

Maneno yote aliyoyapanga yalitawanyika kama vifaranga.

"Nimekuja kuazima kikokotoo, Mama."

Profesa alimpa. Kilikuwa na picha ya paka mgongoni. Mkono alitoka nacho, akasimama koridoni akikibonyezabonyeza, akijumlisha namba zisizo na maana.

Ijumaa ikafika. Sabuni alikuja amenyoa ndevu na kujikata mahali pawili. Alifanya kazi kwa utulivu ambao ulimuumiza Mkono kuutazama. Aliosha kigae, akakishika kwa plastiki yake, akakipachika mahali pake kwa ustadi, akafunga chungu na kukaza nati kwa kupishana ili kifuniko kikae sawa. Pampu zikakoroma kwa afya. Profesa alisimama pembeni, mikono nyuma. Ombwe lilipotulia fundi aliwasha leza, vidirisha vya chungu vikamulika zambarau, na kwa mara ya kwanza fundi hakusema lolote kuhusu mwali. Kilichosikika ni mipigo tu, tak-tak-tak-tak, kama mtu anayegonga mlango akijua wenye nyumba wamo.

Chungu kilipopoa, Sabuni alitoa kigae. Filamu ilikuwa laini, inang'aa kama jicho. Kazi ilipokwisha, macho yake yalikwenda kwenye sinki.

"Nipe nikupachikie mimi kwenye Mtikisa," Mkono alisema.

Alikuwa hajapanga. Au pengine alikuwa amepanga usiku kucha bila kujiambia. Njia ilionekana ya huruma kabisa: akiigusa pembe moja kwa kibanio cha dada, mara moja tu, Sabuni atabaki. Hakuna atakayehamishwa, hakuna atakayeaibika, Profesa atastaafu anacheka. Baadaye, siku isiyojulikana, kosa lingegundulika polepole na kwa adabu, likiwa halina mwenyewe. Sisi tuliolelewa bwenini tunaujua mpango wa namna hii: ndio ule wa kuwasha moto wa pili ili wa kwanza usionekane.

"Mpe," alisema Profesa. "Labda heri yake itakuambukiza."

Mkono aliwapa mgongo, akainama kwenye Mtikisa. Kibanio cha dada kilikuwa mfukoni mwa koti lake jeupe. Alikitoa, akabana ukingo wa kigae, akakwaruza kidogo. Haikuchukua muda wa kuvuta pumzi.

Wote wakakusanyika kwenye kompyuta. Mstari ulipanda, ukafika kileleni, ukaanza kurudi. Na katika kurudi ukachepuka, ukaacha uwazi, tumbo dogo lililoinama kushoto.

"Kitanzi!" fundi alinguruma. "Kitanzi hicho! Sabuni kaozesha mwali!"

Sabuni hakupiga kelele. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Profesa alimsogelea, na akafanya jambo ambalo wazee wa jengo lile hawakumbuki kuliona: aliomba radhi. "Nilikuonea, mwanangu. Nilidhani ni mikono yako. Nisamehe." Sabuni aliitikia kwa kichwa mara nyingi, halafu akatoka nje na simu. Kupitia dirishani Mkono alimwona akizungukazunguka benchi lao, akizungumza kwa mkono mmoja hewani. Sauti ilipenya. "Imeshika, mama! Imeshika! Hapana, siyo ya friji."

Mkono alikwenda chooni akajifungia, akakaa huko hadi fundi alipouliza kwa sauti kama kuna mtu amezama.

Jumatatu Sabuni alikuwa maabara kabla ya watu wote. Vipande viwili, chake na cha Mkono, vilikuwa vifungwe na kupelekwa taasisi ile, na Sabuni hakuweza kuruhusu kitu chake kitoke nje bila kuoshwa. Angefanya vivyo hivyo kama angekuwa anatuma barua. Alichukua kijiti cha pamba, akakichovya kwenye asidi hafifu, akafuta mgongo wa kigae na kingo zake zote nne taratibu. Kofia ya tantali haiogopi asidi. Filamu ilikuwa salama chini yake. Kisha akakitia ndani ya Mtikisa kwa ajili ya kuagana tu.

Mkono alipoingia alimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Imekufa," alisema.

"Nini?"

"Filamu. Nimefuta kingo tu, na imekufa. Mstari umenyooka kama barabara. Unajua maana yake? Usumaku haukuwa ndani ya filamu. Ulikuwa uchafu, pembeni." Alicheka kwa namna mbaya. "Mimi! Mimi, Sabuni, nimeleta uchafu. Sijui niliutoa wapi. Nimefikiria nati, nimefikiria kisu cha kukatia, nimefikiria hata wembe niliojikata nao."

"Subiri kwanza. Usimwambie mtu. Tuangalie..."

"Tuangalie nini? Mama Profesa aliniomba radhi, shangazi. Mbele ya watu! Kumbe alikuwa sawa tangu mwanzo." Alisimama, akajipangusa suruali. "Naenda kumwambia kabla hawajafunga kifurushi. Ya kwako itakwenda. Yangu itabaki. Nami nitakwenda kwenye kibodi."

Alitoka. Mkono alisikia viatu vyake koridoni, kisha mlango wa ofisi. Angeweza kubaki pale pale. Ajabu ni kwamba kila kitu kingekuwa kama alivyotaka mwanzoni kabisa, kabla ya kutaka kuwa na huruma: kitanzi chake kingesimama, na kosa lingekuwa na mwenyewe, aliyejitolea kulibeba kwa miguu yake miwili.

Alikwenda kwenye rafu akachukua kisanduku chenye kipande chake bora, akamfuata.

Sabuni alikuwa amekwisha kusema. Profesa alikuwa amekaa, kalamu imesimama hewani. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana mtu aliyechoka na anayetafuta maneno ya upole na kuyakosa.

"Mama," alisema Mkono, "naomba na ya kwangu ioshwe."

"Ya kwako ina nini?"

"Ioshwe tu, Mama. Kama alivyoosha yake. Aoshe yeye mwenyewe."

Profesa aliweka kalamu chini. Kisha aliinuka, na wote watatu wakarudi maabara. Sabuni alichovya kijiti cha pamba. Mkono alimwangalia akifuta kipande kile kwa uangalifu, kana kwamba ni uso wa mtoto, akifanya bidii kisipatwe na madhara. Alikuwa bado anaamini atakitoa salama. Mtikisa ikakitetemesha. Mstari ukapanda, ukafika kileleni, ukarudi kwa njia ileile uliyoendea.

Fundi, aliyekuwa ameingia na chai yake, alikitua kikombe polepole. Utani wote ulimkauka.

"Eleza," alisema Profesa.

Mkono alieleza. Alitoa kibanio mfukoni akakiweka mezani. Alitaja stoo, alitaja nyusi, alitaja kigae kitupu cha Jumatano. Katika mazingira mengine wangevunjika mbavu. Ni hadithi ya kuchekesha, hakuna anayebisha. Profesa alikichukua kibanio, akakielekeza kwenye taa, akatazama ncha zilizolika.

"Jumatano," alisema. "Na Alhamisi ulikuja ofisini kwangu."

"Ndiyo, Mama."

"Kuazima kikokotoo."

Profesa alirudisha kibanio mezani kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake, akasema anakwenda kupiga simu. Mlangoni alisimama, bila kugeuka, akajishika kwenye fremu. Kwa nyuma alionekana mzee. Kisha akaenda.

Sabuni hakuwa amesogea. Macho yake yalikuwa kwenye kibanio, na Mkono aliona anavyohesabu kimya kimya, kama alivyofanya na nati na wembe.

"Lakini mimi sijawahi kukishika hicho," alisema mwishowe. "Yangu niliishika kwa plastiki tangu mwanzo hadi mwisho. Chuma kilifikaje kwenye yangu?"

Fundi alitazama chai yake.

"Niliipachika mimi," alisema Mkono. "Ijumaa. Sikutaka uhamishwe."

Ilimchukua muda kidogo kuelewa, kisha akaelewa yote kwa mpigo. Mkono alikuwa tayari kwa matusi. Alikuwa ameyategemea, hata kuyatamani.

"Ungesema Jumatano," Sabuni alisema, "mimi ndiye ningekuwa sahihi. Maiti zangu zote zingekuwa sahihi." Aligeukia dirisha. "Nilimpigia mama."

"Sabuni, nilitaka tu..."

"Amewaambia majirani."

Alikwenda kwenye sinki, akafungua maji, akaweka mikono chini yake na kuiacha hapo bila kuisugua. Maji yalitiririka mpaka fundi akaenda kuyafunga.

"Haya, mjomba," Sabuni alimwambia fundi, huku akichukua taulo. "Kidonge bado kipo. Tuanze upya, tujue aloi hii inafanya nini hasa. Pengine kwenye baridi ya wastani inashika. Hakuna aliyewahi kuangalia vizuri, sote tulikuwa tukishangilia kwenye joto la chumba."

Kanuni ya maabara ni kwamba leza haiwashwi na mtu mmoja. Lazima wawe wawili ndani, kwa usalama, na wa tatu akiwepo asiye na kazi hutoka, isipokuwa Profesa akiruhusu, kama alivyofanya Ijumaa. Mkono alinyoosha mkono kuelekea miwani iliyoning'inia ukutani.

"Fundi yupo," alisema Sabuni bila kumwangalia. "Tumetosha."

Hakulisema kwa ukali. Fundi alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Mkono alitoka. Nyuma yake mlango ulifungwa, na taa nyekundu juu yake ikawaka, ile inayowaambia walio nje wasiingie. Kutoka mwisho wa korido ilisikika sauti ya Profesa kwenye simu, nzito na ya taratibu, ikisema hapana, hapana, hakuna kifurushi kitakachokuja, ni kosa letu. Ndani ya maabara pampu zilianza kukoroma. Mkono alisimama akisikiliza. Moja ya hizo pampu haikuwa na mkoromo mzuri, ilikuwa na kikohozi upande wa chini, na alingoja aone kama Sabuni ataisikia. Baada ya muda kikohozi kilikoma. Sabuni ameisikia.